Teke la Barabara Tupu

Wapendwa, kabla sijaanza, kila mtu ainame ashike nyuma ya mguu wake, chini ya goti. Mama pale mbele, usijali, mshike hata jirani yako. Hiyo nyama inaitwa kigimbi. Hatuisifu, hatuipaki mafuta ila siku ya harusi, lakini ndiyo inayokusukuma ukipanda mlima. Leo nitawaambia habari ya mtu aliyeharibikiwa na kigimbi, na mtu mwingine akalipa.

Alikuwa mkimbiaji kambini, huko kwenye baridi ya milimani. Kijana mwenye mbio, ila mwenye kiburi. Kambi ile ilikuwa na desturi yake: alfajiri kundi lote huanza kwa mwendo wa polepole mno, kama wanaosindikiza jeneza, mpaka mwili upate joto. Mbio zenyewe huja baadaye. Yeye aliuona mwendo ule ni wa wazee. Wenzake wakitoka, yeye anabaki jikoni na kikombe cha chai, kisha anatoka mkuku na kuwapita wote kabla ya kilima. Wadogo walimshangilia, na sifa, mnajua, ni tamu kuliko chai.

Alikuwa na rafiki. Walipika ugali sufuria moja, walilala chumba kimoja. Rafiki huyu alimwona akichechemea asubuhi, akijikanda kigimbi kwa siri.

"Ndugu yangu, mguu umeanza kukaza. Mwambie kocha upumzike," alimwambia. "Na asubuhi anza na sisi. Misuli haijaamka, wewe unaidai mbio?"

"Nendeni na matanga yenu," alijibu yule. "Mimi nitawakuta."

Ikafika siku ya mchujo. Wawili wa kwanza walikuwa wanachukuliwa kwenda kukimbia ng'ambo, na wale marafiki walikuwa wameahidiana kwenda pamoja. Kulikuwa na manyunyu na baridi ya kuuma. Wenzake walipasha mwili moto, yeye alijikunyata ndani ya koti mpaka alipoitwa kwenye mstari. Akaanza kwa kasi. Kwenye kona ya mwisho alikuwa wa kwanza, rafiki yake nyuma yake. Mara, pwaa! Akasikia teke zito kwenye kigimbi, akaanguka kifudifudi.

Rafiki yake angeweza kumruka aende zake. Hakumruka. Alisimama, akainama, akamshika mabega ili amwinue, na watu wengine wakawapita.

Mnajua aliambiwa nini?

"Umenipiga teke! Umeona nakushinda, ukanipiga!"

"Mimi?" rafiki akasema. "Mimi niliyesimama?"

Hakuna aliyeona kitu, lakini mwenye kulia husikilizwa. Kambini watu walitikisa vichwa wakisema, kikulacho ki nguoni mwako. Jioni hiyo rafiki aliambiwa aondoke. Alifungasha mfuko wake, na hata mtu mmoja hakumsindikiza mpaka getini. Inauma, ndugu zangu, kufukuzwa na watu uliowapikia.

Yule majeruhi akapelekwa zahanati. Muuguzi akaugeuza mguu, akautazama sana.

"Aliyekupiga alivaa viatu gani?"

"Vya misumari, kama sisi sote."

"Mbona ngozi haina hata mkwaruzo?"

"Mama, sikuhitaji kuona. Nilisikia teke!"

Muuguzi hakubishana naye. Alimfunga bendeji, akamwambia aweke kitambaa cha maji baridi, auinue mguu akilala, na asichuliwe kwa mafuta ya moto wakati nyama bado mbichi. Maumivu yakiisha, ashike ukuta asimame kwa ncha za vidole, miguu yote miwili kwanza, kisha mmoja, kila siku. Atembee kabla ya kukimbia. "Maumivu yataondoka mapema," alisema, "lakini nyama itakuwa bado haijashika. Usidanganyike."

Alidanganyika. Maumivu yalipoondoka, akaona habari za kushika ukuta ni mchezo wa watoto. Akarudi kwenye mbio, na asubuhi akarudi kwenye kikombe chake cha chai.

Basi alfajiri moja kundi lilikuwa limeshatangulia na kupotea kwenye ukungu. Alimaliza chai, akatoka mbio kuwafuata, peke yake, kwenye barabara ya udongo iliyolowa. Kabla ya kilima, pwaa! Teke lile lile, mahali pale pale. Akaanguka kwa magoti, akageuka na ngumi juu, jina la rafiki yake tayari mdomoni.

Barabara ilikuwa tupu.

Hapakuwa na mtu wala mbuzi. Kwenye tope kulikuwa na nyayo zake mwenyewe tu, zikitoka jikoni. Ndipo alipoelewa kwamba nyama ikichanika, mwenyewe huhisi amepigwa. Akakaa kwenye tope lile akalia, na hakulilia mguu.

Alituma watu wakamtafute rafiki. Walimkuta machimboni, anaponda kokoto. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwambieni nilimsamehe zamani. Lakini mimi sikimbii tena." Akainua nyundo yake akaendelea na kazi.

Sasa, wapendwa, mnasikitikia watu wa kambini? Tujisikitikie sisi. Mtoto hatukumwongoza alipokuwa mdogo, akipotea tunasema jirani amemroga. Ndoa hatukuitunza, ikichanika tunamtaja shemeji. Tuliambiwa tuanze polepole, tujiangalie, tupumzike, tukasema hayo ni ya wazee. Halafu siku ya kuanguka tunamshika mtu wa karibu zaidi. Na kwa kawaida, mtu wa karibu zaidi siku hiyo ni yule aliyesimama kutuinua!

Je, wewe ulimfukuza nani? Yuko wapi leo, anaponda mawe ya nani?

Sikuombi ujibu kwa sauti. Nakuomba kitu kimoja. Ukisikia tena teke, na jina la mtu likikujia mdomoni, funga mdomo kwanza. Geuka, uitazame barabara.