Chungu cha Walioridhika

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo kaitikia kwa sauti ya mgonjwa? Sogeeni motoni. Na wewe unayesinzia, kaa mbele yangu nikuone. Hadithi ya leo si ya kuchekea, na anayetaka kicheko aende nyumba ya jirani, huko kuna ngoma.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa bado wanasemezana, palikuwa na nchi iliyokatwa katikati na mto. Upande huu palikuwa na mashamba na nyumba. Ng'ambo palikuwa na ardhi ya chumvi, na bila chumvi mboga hailiki wala mnyama hanyonyeshi vizuri. Kwa hiyo kila mmoja ilimbidi avuke. Mfalme Simba akampa Mamba kazi ya kivuko. Mamba aliwavusha mgongoni mwake, na ujira wake ulikuwa mwepesi. Ukiwa juu yake ulimtoa ruba waliomganda, mkifika ng'ambo mmemalizana.

Mamba alikuwa mpole wa maneno. Kila mwanamke alimwita dada, kila mzee alimwita baba. Na wengi walivuka salama. Lishikeni neno hilo, wengi. Angewala wote, nani angepanda tena mgongo wake? Alimla mmoja mmoja, yule aliyevuka peke yake asubuhi yenye ukungu. Akiulizwa alijibu kwamba alimvusha salama, kamuaga, kaenda zake.

Sasa katika nchi hiyo mfalme alikuwa na ofisi ya malalamiko. Ukiuziwa jembe bovu, ukipunjwa nafaka, ukidhulumiwa kwa lolote, ulikwenda huko. Mkuu wa ofisi alikuwa Kobe, mwanasheria wa mfalme. Msije mkanielewa vibaya, Kobe hakuwa mla rushwa. Hakuna aliyewahi kumpa hata jani la mchicha akalipokea. Alikuwa mwaminifu, na mimi waaminifu wa namna yake nawaogopa kuliko wezi.

Zamani ofisi yake ilikuwa imejaa kelele. Huyu kaibiwa yai, yule katukanwa kisimani. Kobe akatunga sheria: asije mtu kulalamika kabla hajamwendea anayemlalamikia. Wakae, wasemezane, na wakishindwana ndipo aje. Ilikuwa sheria nzuri. Wenye mayai walipatana, wenye matusi wakaombana radhi, na kelele ikatulia. Kila lalamiko lilipoletwa Kobe aliweka kijiwe kwenye mkeka. Mlalamikaji asiporudi, alikitia kijiwe kile katika chungu, na chungu hicho alikiita chungu cha walioridhika.

Siku moja akaja Paa, machozi yanamtiririka. Mwanawe alivuka na Mamba na hakuonekana tena. Kobe akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama anavyouliza siku zote.

"Umemwendea? Umemweleza uso kwa uso? Mmeshindwana?"

Paa akasema hajamwendea, anaogopa. Kobe akamjibu kwa upole kwamba woga si hoja ya kisheria. Paa akashuka mtoni. Hakurudi. Kobe akangoja, akangoja, kisha akachukua kijiwe cha Paa akakitia chunguni, na moyo wake ukafurahi.

Baada yake akaja Ngiri, ambaye nduguye alipotea mtoni.

"Umemwendea? Umemweleza uso kwa uso? Mmeshindwana?"

Ngiri alikuwa na hasira, akasema hata sasa hivi anakwenda, na huyo Mamba atamtambua. Akashuka mtoni. Hakurudi. Kobe akakitia kijiwe chake chunguni.

Walikwenda na wengine, nikiwataja wote moto utazimika. Chungu kikajaa pomoni. Kobe akampelekea mfalme habari kwamba katika nchi nzima hakuna mfanyakazi anayejua kupatana na watu kama Mamba, kwa kuwa kila aliyekwenda kwake na lalamiko hakurudi kulalamika tena. Mfalme akapendezwa sana, akamwongezea Mamba kivuko cha pili.

Mnanyamaza? Nyamazeni, ndivyo na wao walivyonyamaza.

Basi palikuwa na mwanamke mfinyanzi jina lake Mize. Mumewe alikwisha kufa, na alikuwa na binti mmoja tu, Zawena. Siku moja Mize aliungua mkono akichoma vyungu, na Zawena akasema, mama pumzika, chumvi nitaifuata mimi. Akaenda asubuhi yenye ukungu. Hakurudi.

Mize akaenda mpaka ukingoni akamuuliza Mamba kwa mbali, amesimama juu ya mwamba. Mamba akamwambia, "Dada yangu, binti yako nilimvusha salama. Na tangu nianze kazi sijaona msichana mwenye haraka kama yule. Nadhani alikuwa anangojewa."

Neno hilo likafika kijijini kabla Mize hajafika. Watu wakasema Zawena katoroka na mwanamume wa ng'ambo. Mize akaomba yakaliwe matanga, mashangazi wa mtoto wakakataa. Wakasema hawawezi kumlilia msichana aliyekwenda kwa miguu yake. Hapo ndipo Mize alipoumia zaidi. Kufiwa alikwisha kujua kwamba amefiwa, mama hujua. Alichotaka sasa ni kumzika mwanawe, na jina lake likiwa safi.

Siku hizo hizo Kobe akamwagiza chungu kipya, kikubwa zaidi, maana cha kwanza kimejaa. Mize akakifinyanga, akakichoma, akajitwika. Alipofika ofisini akakitua, akasema, "Mzee Kobe, chungu chako hiki hapa. Na mimi nina lalamiko. Mamba amemla mwanangu."

Kobe akaweka kijiwe kwenye mkeka.

"Umemwendea? Umemweleza uso kwa uso? Mmeshindwana?"

Mize akasema alimuuliza akiwa juu ya mwamba. Kobe akatikisa kichwa. Juu ya mwamba si uso kwa uso, mtu hushuka akakaa na mwenziwe. Akamtia moyo asiogope, wote waliomtangulia walikwenda na wakapatana, na ushahidi wake ni huu hapa. Akamwonyesha chungu kilichojaa.

Mize akatia mkono chunguni. "Hiki ni cha nani?"

"Cha Paa. Aliridhika."

"Umemwona tangu siku hiyo?"

"Nimwone wa nini? Aliyeridhika harudi."

"Na hiki?"

"Cha Ngiri. Naye aliridhika, ingawa alitoka hapa na hasira."

Mize akaketi chini. Nyumba ya Paa alikuwa akiipita kila siku kwenda machimbo ya udongo, na nyasi zilikwisha kuota mlangoni. Kwa Ngiri watoto walikuwa wakilelewa na majirani. Akamtazama Kobe, akaona kwamba hadanganyi hata kidogo, na hilo likamtia baridi.

Akasimama. "Basi acha la Mamba. Nina lalamiko jingine."

"Juu ya nani?"

"Juu yako, Mzee Kobe. Wewe unawapeleka watu wakaliwe."

Kobe akaduwaa. Lakini sheria ni sheria, akaanza kuuliza, na sauti ilikuwa si ile tena. "Umemwendea?"

"Nimemwendea. Niko kwake."

"Umemweleza uso kwa uso?"

"Namtazama machoni."

"Mmeshindwana?"

"Hilo nijibu wewe. Unakubali kwamba umewaua?"

"Sikubali," akasema Kobe.

"Basi tumeshindwana."

Lalamiko likapokelewa. Na sheria ilisema, likipokelewa, mkuu wa ofisi aende mwenyewe mahali penye madhara akaone kwa macho yake. Kobe alikuwa mtumwa wa sheria yake, na hilo ndilo jema pekee nitakalomsemea. Akatoka ofisini, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mfalme ampe kazi, akashika njia ya mtoni kwa mwendo wake mnaoujua. Njiani alimwambia Mize kwamba akikuta Mamba hana hatia, itambidi Mize amwombe Mamba radhi.

Walipofika, Mize akajificha kwenye matete. Kobe akashuka mpaka majini akapiga hodi. Mamba akaibuka. Alikuwa hajawahi kumwona Kobe, angemwona wapi?

"Karibu, baba," akasema Mamba. "Umekuja kuvuka, au umetumwa na ofisi?"

"Nimekuja kwa ajili ya lalamiko," akasema Kobe.

Mamba akacheka kwa furaha. "Mungu amzidishie umri huyo Kobe. Sijapata kumwona, lakini ndugu yangu hanifai kama anavyonifaa yeye. Zamani nilikuwa navizia ukungu, mara napata, mara nakosa. Sasa nalala tu, yeye ananiletea. Na wote huja wakiwa wamekwisha kulia, hawana nguvu ya kukimbia. Sogea, baba, tusemezane uso kwa uso."

Kobe hakusogea, hakukimbia. Alisimama pale pale. Nadhani hata yeye wakati huo alitaka aliwe.

Mamba akamkamata. Gamba likalia, lakini meno hayakuingia, na jino moja likavunjika. Mamba akamtupa kwa hasira kwenye pango la ukingoni, mahali anapotupa masazo, akazama kwenda kuuguza kinywa. Kobe akaangukia mgongo, miguu juu, hawezi kujigeuza. Akalala hivyo akitazamana nao. Pembe za Paa. Meno ya Ngiri. Na wengine, na wengine, kila mmoja ana kijiwe chake chunguni.

Mize akaingia majini, akijua kwamba Mamba yumo. Akafika pangoni, akamgeuza Kobe akasimama kwa miguu yake. Kobe akamsihi waondoke upesi. Mize hakumsikia, alikuwa anafukua mchangani kwa mkono ule ulioungua. Akakipata kikuku cha shaba alichomvisha Zawena alipovunja ungo. Kilichokuwa ndani ya kikuku sitawaambia, kuna watoto hapa. Alikifunga chote katika upande wa kanga yake, wakatoka.

Kobe alimweleza mfalme kila kitu na hakujipendelea. Mfalme akaifuta ile sheria, akatuma viboko wakamtoe Mamba kivukoni, akanyang'anywa vivuko vyote viwili. Mto hakunyang'anywa, nani atamnyang'anya mamba maji? Yumo mpaka leo. Na kijijini yakakaliwa matanga. Wale mashangazi walikuja wamejifunika vichwa, wakapika, wakaosha vyombo, wakalia kwa sauti kubwa kuliko wote. Hakuna aliyesema nisamehe. Zawena akazikwa kwa kile kidogo kilichopatikana, na jina lake likiwa safi.

Matanga yalipoondoka, Kobe akaja nyumbani kwa Mize. Alimkuta anakanda udongo. Akamwamkia, akakaa, akakohoa. Kisha akaeleza kwamba shauri halifungwi mpaka mlalamikaji atamke kwa kinywa chake kwamba ameridhika.

"Mama Zawena," akasema, "Mamba ameondolewa kazini. Mtoto amezikwa. Limebaki neno lako moja tu."

Mize hakuinua uso. "Kamuulize Paa kwanza."

"Paa hayupo, mama."

"Kamuulize Ngiri."

"Ngiri hayupo."

"Basi muulize Zawena. Nimemlaza pale nyuma ya nyumba."

Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba lake, akakaa hivyo mpaka jua likachwa, na Mize akaendelea kukanda udongo wake. Tangu siku hiyo ukimsogelea Kobe, hata uwe mtoto mdogo usiye na neno naye, huficha kichwa. Anadhani umekuja kumdai jibu.

Hadithi yangu imeishia hapo. Yao wale haijaisha, shauri liko wazi bado. Kalaleni.