Nakshi ya Gunzi

"Gunzi si la moto tu." Asubuhi mama yenu alimwambia mwenzenu Sekela neno hilo alipomkuta anataka kuchoma vipande vya nguo vilivyobaki chini ya cherehani. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza limetoka wapi. Vema mmeuliza. Ninyi watoto wa siku hizi mnadhani methali zilikuja na vitabu vya shule zikiwa zimepigwa chapa tayari. Hapana. Kila methali ina siku yake ya kuzaliwa, na yupo mtu aliyeionea uchungu. Hii ilizaliwa kwa sababu ya mtungi mmoja, na ilikuwa namna hii.

Ufukweni mwa Ziwa Nyasa, pale milima inaposhuka mpaka majini, palikuwa na kijiji cha wafinyanzi. Wanawake wa huko walifinyanga kwa mikono mitupu, na kila mmoja alikuwa na nakshi yake aliyoizungusha begani mwa chungu. Ukikiona chungu sokoni ulijua ni cha nani hata kama mwenyewe hayupo. Tena nakshi ya mtu ilikuwa yake peke yake. Alipofariki, kifaa chake cha kuchorea kilivunjwa juu ya kaburi, na nakshi ile haikuchorwa tena na yeyote, hata mtoto wake wa kumzaa.

Hapo waliishi ndugu wawili, Tusekile na mdogo wake Subilaga. Baba yao alitangulia zamani. Mama yao, fundi wa kusifiwa, alifariki Tusekile akiwa na miaka kumi na minane na Subilaga tisa. Kuanzia siku hiyo Tusekile akawa dada, mama na baba. Posa zilikuja mara mbili, akazirudisha zote, maana mdogo wake angemwachia nani? Alifinyanga vyungu akauza, lakini vyake vilikuwa vitupu, havina nakshi. Kila aliposhika kijiti achore, mkono ulikwenda wenyewe kwenye nakshi ya mama, na hiyo ilikuwa mwiko. Wenzake wakamtania kwamba vyungu vyake vina upara. Naye alicheka pamoja nao, kwa kuwa mwenye kulea hana nafasi ya kununa.

Miaka tisa ikapita. Subilaga akaposwa na kijana wa ng'ambo ya mto, jina lake Lugano, kijana mpole wa kupendeza. Furaha ikaingia nyumbani, lakini Tusekile hakupata usingizi.

Desturi yao ilikuwa hivi. Bibi harusi aliingia kwa mumewe na mtungi uliofinyangwa kwao. Asubuhi ya kwanza alikwenda kuchota maji, na kabla hajatoka, mama mkwe aliupokea mtungi, akaitazama nakshi, akauliza, "Umetoka nyumba gani?" Nakshi ndiyo iliyokuwa jibu. Aliyekuja na mtungi mtupu alikosa la kusema, na watu wangesema wameoa mtoto wa njiani. Sasa Tusekile angempa mdogo wake nini? Nakshi ya mama imekwenda na mama. Ya kwake hana.

Akaanza kutafuta. Alimwendea muuza duka mwenye vikombe vya maua, akayakariri maua yale, akarudi kuyachora. Yakatoka kama vidonda. Akayafuta. Alipanda mlimani kutazama maporomoko ya maji, akijiambia kwamba kizuri hakipatikani karibu. Akachora mawimbi, akayaona hayana maana kwake, akayafuta. Akawa mkali. Subilaga akiimba, anamnyamazisha. Jioni walipokaa kupukuchua mahindi, kazi waliyoifanya pamoja tangu mama alipofariki, Tusekile alisonya.

"Mahindi jana, mahindi leo. Hata ndoto zangu sasa zinapukuchuliwa."

 Subilaga alikuwa na tabia yake tangu utotoni, kwamba kila alipomaliza hindi alilitazama gunzi, akaliambia "ahsante," kisha akalitupa kwenye lundo la kuni. Tusekile alikuwa ameyasikia hayo mara elfu, na siku hizo yalimkera.

Zikabaki siku sita. Mtungi ulihitaji siku nne kukauka kivulini kabla ya kuchomwa. Asubuhi hiyo Tusekile alifinyanga mtungi wa mwisho, akaulainisha bega vizuri, akauacha juu ya kata, ile pete ya majani ya kuushikilia, ili ukazekaze, akaenda mtoni kunawa udongo. Huku nyuma jua likahama, likauangukia. Subilaga aliogopa utapasuka. Akauinua kwa mikono miwili, mzito kama mtoto wa miaka mitatu, akaupeleka kivulini. Kata ikabaki nyuma. Mtungi hauna kitako, hauwezi kusimama wenyewe. Akasogeza magunzi kwa mguu, akauegemeza juu yake, akakimbia kuifuata kata. Aliporudi, Tusekile alikuwa amekwishafika na ameuinua.

"Subilaga! Umefanya nini?"

Bega zima upande mmoja lilikuwa na vishimo.

"Dada, jua lilikuwa..."

"Jua! Siku sita zimebaki, na wewe unaulaza mtungi kwenye takataka! Utakwenda na nini kwa watu? Utawaambia nini?"

Subilaga akalia. "Nitawaambia nina dada. Haitoshi? Nipe nikulainishie."

Akalowesha kidole, akakisogeza. Hapo Tusekile akamshika mkono.

"Ngoja kwanza," alisema taratibu.

Aliutazama mtungi. Vishimo vile vilikuwa vimejipanga. Vilikwenda viwili viwili, mstari na mwenzake, mstari na mwenzake. Akakumbuka mwaka ule wa kwanza baada ya msiba, walipokuwa hawana kitu ila mahindi ya shamba la mama. Subilaga alikuwa mdogo, anaogopa giza, na Tusekile alimpa mahindi ahesabu mistari ili asahau kulia. Usiku mmoja mtoto alikuja mbio na hindi mkononi, akasema, "Dada, nimehesabu yote. Hakuna hindi lenye mstari wa peke yake. Kila mmoja una mwenziwe, kama sisi." Nanyi msinibishie, nendeni jikoni mkahesabu.

Tusekile akainama, akaokota gunzi. Alikuwa ameshika maelfu ya magunzi na hakuwahi kulitazama hata moja. Vitundu vyake vilikuwa vidogo, vimepangwa kwa ustadi ambao mkono wake haukuwahi kuufikia. Machozi yakamtoka. "Ahsante," akaliambia gunzi, kwa aibu kidogo, na mdogo wake akacheka huku bado analia. Kisha akalilaza begani mwa mtungi na kulibingirisha polepole, mpaka nakshi ikalizunguka bega lote na kujifunga.

Siku ya harusi ikapita kwa shangwe. Asubuhi yake, mbele ya wakwe, mama yake Lugano akaupokea mtungi, akaugeuza.

"Nakshi hii sijawahi kuiona. Mwanangu, umetoka nyumba gani?"

Shangazi mmoja mwenye mdomo akachungulia. "Hizi si alama za gunzi? Jamani, gunzi si la moto?"

Watu wakacheka. Subilaga alikuwa amepiga magoti, akainua uso.

"La moto ni kweli, shangazi. Lakini gunzi si la moto tu. Mama yangu alipofariki, dada yangu alinilea kwa mahindi miaka tisa. Tulipukuchua pamoja kila jioni. Tazameni mistari hiyo, hakuna ulio peke yake. Nyumba niliyotoka ndiyo hiyo."

Kicheko kikakatika. Mama mkwe akapitisha kidole kwenye mstari mmoja, kisha kwenye wa pili, akarudia tena. Alikuwa mwanamke wa maneno machache.

"Na huyo dada yako," akauliza, "leo amebaki na nani?"

 Subilaga akafunika uso kwa kanga.

Mama mkwe akaushusha mtungi kwenye kata. "Basi mtungi huu hauchoti maji mpaka aje. Lugano, vuka mto ukamlete shemeji yako. Mwambie nyumba hii ina nafasi."

Lugano alimkuta Tusekile amekaa jikoni na hindi moja mapajani, hajalianza. Akaja. Maji ya kwanza ya ndoa ile yalichotwa na wanawake wawili, kila mmoja ameshika upande wake, na wazee wakasema hawakuwahi kuona jambo kama hilo. Yule shangazi ndiye aliyelieneza neno lile sokoni, maana mdomo nao una kazi yake. Ndipo watu wakawa wanaambiana, kila mtu anapokidharau kilicho mkononi mwake, au anapomsahau aliye karibu naye:

Gunzi si la moto tu.