Skonzi za Bibi Emiliana

Sogeeni, nyote, wakubwa kwa wadogo. Leo nawaletea hadithi nikiwa na hasira, na mwisho wake sina. Mwisho nautaka kutoka kwenu.

Mama yangu, Bibi Emiliana, ana wajukuu watatu wa kike, watoto wa kaka zangu, kwa hiyo mimi ni shangazi yao. Fausta ana mkono wa unga. Akisaga ngano kwenye jiwe, unga hutoka na pumba zake zote na bado ukiushika ni laini. Deodata ana sikio la maziwa. Akisukasuka kibuyu husikia sauti ikibadilika, akajua siagi imejitenga kabla hajafungua. Wa tatu, Sesilia, kipaji chake hatukukijua. Tulimwita mvivu, maana kutwa alikaa pembeni ya kitanda cha bibi yake akimsikiliza.

Mwaka huu Mama alitoka hospitali akiwa amekataa chakula. Uji aliupa kisogo, supu aliifunika. Tulimwona anakwisha hivihivi, na mimi nililia jikoni nisimwonyeshe. Siku moja akafumbua mdomo.

"Nataka skonzi. Zile za ngano yenye pumba na mtindi, nilizopika usichanani kwenye jiko la misheni. Atakayenipikia nikala, kibuyu changu ni chake."

Basi nyumba ikawaka moto. Maana huku kwetu juu milimani, kibuyu cha kusukia maziwa hushikwa na mtu mmoja. Yeye ndiye anayekiosha, yeye ndiye anayekifukiza kwa moshi wa mti wake. Kikishikwa na wawili, kila mmoja na moshi wake, maziwa yanaharibika. Hiki alipewa na mama yake, na hakuna msichana wa ukoo wetu asiyekitamani.

Fausta akaanza. Alisaga ngano, akachanganya na maziwa mabichi na magadi soda kidogo, mimi nikaweka sufuria makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Zikatoka ngumu, hazikuumuka hata kidogo. Mama aliweka kipande mdomoni, akakitoa, akakirudisha mkononi mwa Fausta.

Kesho yake Deodata. Alisuka kibuyu chake, akatoa siagi, akachukua mtindi unaobaki, akatia na magadi. Ila unga alinunua ule mweupe wa dukani, eti asimwombe Fausta. Zikaumuka vizuri. Mama alionja akasema, "Huu ni mkate wa watu wa mjini," akajifunika shuka.

Siku ya tatu nikawafokea wote wawili. "Mtu anakufa humu ndani, nanyi mnanuniana!" Wakaungana: unga wa Fausta, mtindi na siagi ya Deodata. Wakaukanda ule unga zamu kwa zamu, wakaupigapiga juu ya meza mpaka jasho likawatoka, kama tulivyowafundisha kukanda wa chapati. Zikatoka kama soli za viatu. Nilikaribia kuitupa sufuria uani.

Hapo ndipo Sesilia akaja jikoni.

"Shangazi, Bibi kila siku analalamika kwamba yule sista wa misheni alikuwa anamchapa vidole."

"Hilo nalijua tangu nimezaliwa," nikamjibu. "Ananung'unika tu."

"Mmeshamuuliza alichapwa akifanya nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Alichapwa akikanda," Sesilia akasema. "Unga huu haukandwi."

Siku ya nne Fausta akasaga. Deodata akasuka. Wakachanganya, na mikono yao ikaanza tena kukanda, maana mkono uliozoea hausikii. Sesilia akawachapa vidole kwa mwiko. "Acha! Kusanya tu, kata, weka!" Fausta akatukana, Deodata akalia, lakini unga ukaingia sufuriani ukiwa na mabongemabonge yake. Zikaumuka. Zikapasuka katikati, na harufu ya ngano na siagi ikamfikia Mama chumbani.

Alikula moja. Akala ya pili. Akainuka akaketi, jambo ambalo hatukuliona kwa wiki tatu. Akashika ya tatu, akauliza, "Nani kapika?"

"Mimi!" wakajibu wote watatu kwa pamoja.

"Bila unga wangu ungekula mkate wa dukani, Bibi," akasema Fausta.

"Na bila mtindi wangu ungekula jiwe," akasema Deodata. "Tena huyu Sesilia hakushika unga wala maziwa!"

"Kweli sikushika," Sesilia akasema. "Lakini jana mlivishika vyote nyie, na Bibi alilala na njaa."

Mama akaiweka ile ya tatu kwenye sahani, nzima.

"Sili tena," akasema, "mpaka nijue ni mkono gani ulionilisha. Mwanangu, amua wewe."

Mimi! Niliyewasha moto siku nne mfululizo na wala sidai chochote! Nikisema Fausta, Deodata hasuki tena. Nikisema Deodata, Fausta amekwisha kuapa kwamba akiolewa ataondoka na jiwe lake. Nikisema Sesilia, wenzake wananiuliza tangu lini mtu akapewa kibuyu kwa kuchapa watu. Nikamwomba Mama awaache wakipokezane kwa zamu, akanitazama kama mtoto asiye na akili.

Leo ni siku ya pili tangu agome kula. Kibuyu kimetundikwa chumbani kwangu kikavu, na kibuyu kisichotiwa maziwa hupasuka. Mama amelala tena, uso ukutani. Ile skonzi ya tatu iko palepale kwenye sahani, na jikoni hakuna anayesema na mwenzake.

Sasa msinitumbulie macho. Unga, mtindi, au vidole vilivyochapwa? Nikirudi nyumbani nitamkuta anangoja jina moja, na mimi nimeshindwa. Wewe hapo, nimpelekee jina la nani?