Siku Sita za Mzee Ndunguru

"Mfuata sura ya kuiga, ya nyumbani humponyoka." Mmeisikia leo kwa fundi wa fremu, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Methali hii ilianza Mbinga, kwa binti mmoja na baba yake.

Binti aliitwa Skolastika. Alikwenda kwa Mwalimu Gervas kujifunza kuchora sura za watu kwa rangi za mafuta. Ukutani kwa mwalimu palikuwa na picha ya bibi anayechambua maharage, imechorwa kama alivyo hasa: mikunjo ya shingo, jicho la kushoto lililolegea, hata vumbi la maganda kwenye kucha.

"Inakili hiyo," mwalimu alimwambia. "Mkono ukishaijua, utaweza uso wowote."

Mara ya kwanza bibi alitoka kama boga. Mara ya nne alianza kufanana na mtu. Ndani ya miaka mitatu Skolastika alimchora mara kumi na moja, mpaka wageni wakawa hawajui ipi picha ya asili. Sifa zilimkolea. Baba yake, Mzee Ndunguru, alikuwa akimwuliza, "Mwanangu, mimi utanichora lini?" Naye akijibu, "Bado kidogo, baba. Nimalizie hii."

Mzee alipoanza kukohoa damu, ndipo binti alipomwandalia turubai la kumchora. Kwa siku sita mzee alikaa kitini amevaa koti lake la harusi, akikibana kikohozi ili asitikisike. Skolastika alichora upesi, tena kwa raha. Brashi ilijua njia. Hakuwa na haja ya kuinua macho mara kwa mara.

Siku ya sita akamgeuzia picha. Mzee aliitazama sana.

"Koti ni langu," alisema. "Aliyelivaa ni nani?"

"Ni wewe, baba."

"Jicho langu halijalegea. Na juu ya nyusi nina kovu la jembe. Ulinikata mwenyewe ukiwa mdogo, tukipalilia kahawa. Liko wapi?"

Skolastika akaangalia picha, kisha akamwangalia baba yake, na kwa mara ya kwanza siku zote zile akaliona lile kovu. Kwenye turubai alikuwa amekaa yule bibi wa maharage, kavikwa koti la mwanamume.

"Nitaanza upya kesho, baba."

"Siku sita nimekaa mbele yako, Skola. Ulikuwa unamtazama nani?"

Hakungoja jibu. Alivua koti, akalikunja taratibu, akaingia chumbani. Hakukaa tena kitini pale, na binti hakuthubutu kumwomba.

Wiki tatu baadaye walimzika. Skolastika alijaribu kumchora kwa kumbukumbu. Alichora, akafuta, akachora tena, na kila mara alikuja yule bibi. Siku ya arobaini ndugu walipouliza kwa nini nyumba ya mchoraji haina picha ya marehemu, mama yake ndiye aliyejibu, hata sauti hakupandisha:

"Alifuata sura ya kuiga. Ya nyumbani ikamponyoka."

Waliokuwapo waliondoka na maneno hayo. Skolastika aliishi miaka mingi, akachora wakubwa kwa wadogo, na watu wakamsifu. Lakini kila aliposifiwa, palikuwa na mtu pembeni wa kuyarudia, naye aliyasikia mpaka uzeeni: mfuata sura ya kuiga, ya nyumbani humponyoka.