Bi Mize na Majemadari Wawili

Majemadari Shekue na Makame waliuzingira mji wa Tungamawe, wakadai lango lifunguliwe au wauteketeze. Bi Mize, mpishi wa sultani, akatoka na ufunguo.

"Tunasalimu amri," akasema, "lakini kwa mwenye mbinu bora tu."

"Ngazi!" akafoka Shekue.

Makame akacheka. "Ngazi zako? Ukuta huu ningeulinda hata kwa mwiko!"

"Huwezi!"

"Ingia basi, jemadari wangu, tuone," Bi Mize akasema, akafungua lango.

Makame akaingia na jeshi lake, akapanda ukutani, akaziangusha ngazi zote za Shekue.

Askari wake akamnong'oneza, "Mzee, si tumeshauteka mji?"

Bi Mize akaganda, bakuli la uji mkononi.

"Kuuteka?" Makame akamkemea. "Mjinga wewe! Funga lango, adui asituingilie!"