Wodi Iliyojengwa Juu ya Majivu

Ndugu zangu, kulikuwa na fundi mmoja, tumwite Likwelile, aliyepewa kazi ya kujenga wodi ya wazazi kwenye bonde la miwa. Udongo wa pale ni mweusi na laini. Mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unapasuka. Wodi ya kwanza ilikuwa imeshadidimia upande mmoja, na akina mama wakawa wanajifungulia kwenye darasa la shule.

Likwelile hakutulia. Saruji ya kuchanganya na udongo ule ilitosha kona moja tu, na zilibaki wiki nane tu masika yaanze. Anapima, anafuta, anapima tena. Chai inampoea mkononi.

Akaja mama mmoja, Sabela, mzoa majivu wa kiwanda cha sukari.

“Fundi, kule tunakomwaga majivu na mabaki ya chokaa, udongo ni huu huu. Lakini malori yanapita hata masika, hayazami.”

“Mama, siwezi kuwalaza wazazi juu ya takataka.”

“Sijakwambia uamini. Nimekwambia ukaangalie.”

Akaenda. Akapigilia nondo ardhini kwa nyundo, nondo ikagoma. Bado hakuamini. Akachanganya udongo, majivu na chokaa, akashindilia vipande vitatu vya kujaribia, akasubiri vikauke. Ingekuwa ninyi, mngetulia? Kila asubuhi yuko pale, anabonyeza kwa kidole, anaondoka, anarudi. Wiki ya nne akavimwagia maji kutwa nzima. Havikulainika. Ndipo akaagiza majivu, lori baada ya lori, na Sabela akawaonyesha vibarua namna ya kuyachanganya.

Wodi ikasimama juu ya msingi huo. Masika yakaja, yakaisha. Ukuta haukupata hata ufa.

Siku ya ufunguzi, viti vya mbele vilijaa wageni. Sabela akafika akitoka zamu, majivu yamemganda kwenye nywele. Mlinzi akamzuia getini.

“Mama, hapa ni kwa walioalikwa.”

Likwelile alimwona kutoka jukwaani. Akanyanyuka nusu. Akawatazama wageni. Akakaa. Sabela akageuka, akarudi kazini kwake.

Mnamlaumu mlinzi? Yeye hakumjua. Fundi alimjua. Alikubali kupokea kilichotupwa na kiwanda, akakifanya msingi, lakini mtu aliyekibeba mabegani hakumpatia hata kiti.

Na sisi je? Jengo hili tunamosali, nani alibeba maji ya zege? Nani anadeki sakafu hii kila Jumamosi? Mnalijua jina lake? Tusijidanganye kwamba hatuwaoni watu hawa. Tunawaona vizuri sana. Tunanyanyuka nusu, halafu tunaangalia nani anatutazama.

Sitatoa baraka bado. Geukeni, mtazame benchi lile la mlangoni. Kuna watu wamekaa pale miaka yote hii. Nendeni mkawaulize majina yao. Mimi nitasubiri.