Jina la Kuandika Juu ya Mlango

Kaeni karibu mnisikie. Kisa hiki nimekibeba kwa muda mrefu na kimenishinda kukiamua. Labda ninyi mtaweza.

Huko milima ya Upare alikuwapo mkunga mstaafu, Bi Naelijwa. Binti yake pekee alikufa kwa uchungu wa uzazi akiwa njiani kushushwa hospitali, maana hospitali iko bondeni na barabara ni mbaya. Baada ya msiba ule, Bi Naelijwa akatoa shamba lake moja lijengwe nyumba ya uzazi. Watu watatu ndio walioifanya nyumba ile isimame, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Mzee Mfinanga, msanifu majengo, alikuwa na kipaji cha kusoma ardhi. Alivua viatu akalitembea shamba zima, akagusa udongo hapa na pale, kisha akajua maji hupita wapi na upepo hutoka wapi.

Elineema, msanifu pia, mwanamke wa makamo mwenye ofisi ndogo Moshi, kipaji chake kilikuwa kushika neno. Hakushika penseli mpaka kila walichokubaliana na mteja kiwe kimeandikwa na kusainiwa.

Mbazi alikuwa fundi mwashi wa kijijini. Ukimpa mchoro, alijenga kilichochorwa, bila kupunguza wala kuongeza. Ukuta wake ulinyooka kiasi kwamba mafundi wengine walikuja kuutazama tu.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Mzee Mfinanga. Bi Naelijwa alipomuuliza kama kuna karatasi ya kusaini, mzee alimshika mkono akasema, "Tunafahamiana, dada yangu. Mambo ya karatasi tutayafanya baadaye." Akachora nyumba nzuri na kumkabidhi mchoro. Mwezi Januari akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukafa, na sauti ikapotea. Watoto wake wakamchukua kwenda kumuuguza mbali.

Bi Naelijwa alisubiri apone. Ilipofika Juni aliukunja mchoro akaupeleka Moshi.

"Shikamoo, mama," alisema Elineema.

"Marahaba, mwanangu. Kazi hii imekwisha nusu. Nataka uimalizie."

Elineema aliutazama mchoro kwa muda. "Amechora nani?"

Bi Naelijwa alimweleza.

"Mliandikiana nini?"

"Hatukuandikiana kitu."

"Na anajua kwamba umekuja kwangu?"

"Atajuaje, mwanangu? Hasemi."

Elineema aliurudisha mchoro mezani taratibu. "Mama, hii ni kazi ya mwenzangu. Siwezi kuigusa kabla hajaambiwa na kuridhia. Halafu sijui alikuahidi nini, wala wewe ulimwambia nini. Niache nimtafute."

"Wanawake wanateremshwa mlimani kwa machela," alisema Bi Naelijwa. "Unalijua hilo?"

"Nalijua, mama."

Akaanza kumtafuta. Barua ya kwanza ilirudi. Alielekezwa Dodoma, akakuta mgonjwa ameshahamishiwa Singida kwa binti mwingine. Zikapita wiki tisa. Kijijini watu walianza kusema kwamba msanifu wa mjini anaringa, na baadhi wakamsihi Mbazi aanze kujenga kwa mchoro uliopo. Mbazi akawajibu, "Siwezi kuanza. Mwenye mchoro hajasema."

Elineema alimkuta Mzee Mfinanga ameegemezwa mito, mkewe akimlisha uji. Alijitambulisha, akamweleza kilichomleta, akamtandikia mchoro mapajani. Mzee alipouona alilia. Kisha akaomba penseli kwa ishara, na kwa mkono wa kushoto, ambao haujawahi kuchora, akakikata kwa mstari chumba cha kujifungulia. Chini ya mstari akachora mawimbi. Alikandamiza mpaka penseli ikavunjika.

Elineema hakuelewa. Mke wa mzee ndiye aliyemfungua macho. "Alirudi peke yake shambani baada ya mvua za vuli," alisema. "Alirudi nyumbani suruali imejaa tope mpaka magotini. Siku ile hakula. Aliniambia kuna kitu lazima akirekebishe. Wiki iliyofuata ndipo akaanguka."

Elineema aliporudi kijijini wakachimba mahali palipokatwa kwenye mchoro. Kina cha kiuno tu, udongo ulianza kuloa, na huo ulikuwa mwezi Agosti, kiangazi kikavu. Elineema akaisogeza nyumba hatua arobaini pembeni, penye mwamba. Ndipo akaandika makubaliano: mchoro ni wa Mzee Mfinanga, marekebisho ni yake, kazi ya mteja ni hii, ya fundi ni ile. Bi Naelijwa alisaini, Mbazi alisaini, na Mzee Mfinanga akapelekewa karatasi Singida aweke dole gumba.

Mbazi alianza kujenga mwezi Septemba. Mkewe, Foibe, alikuwa mjamzito, na kila alipomletea chakula cha mchana alichungulia chumba cha kujifungulia akimtania mumewe afanye haraka.

Mapema Desemba uchungu ulimshika kabla ya wakati. Kuta zilikuwa zimefika kwenye lenta, juu ya milango na madirisha, bati bado. Walimbeba kwa machela, Bi Naelijwa akitembea ubavuni na kumshika mkono. Foibe alifia njiani, na mtoto naye. Kila mtu kijijini alihesabu moyoni: kama kazi ingeanza siku ile Bi Naelijwa alipokwenda Moshi, nyumba ingekuwa imefunguliwa mwezi Novemba.

Elineema alikuja msibani. Alikaa chini pamoja na wanawake, na hakuna aliyemsogelea. Mwishoni alimfuata Mbazi.

"Sina la kusema, kaka."

"Basi usiseme, dada," alijibu Mbazi. "Nitarudi kazini matanga yakiisha."

Akarudi kweli. Alijenga kuta zilizobaki kwa mchoro uleule wa mwanamke aliyemchelewesha, na hakuna jiwe aliloliweka ovyo.

Nyumba ilifunguliwa Februari. Mwezi Aprili, masika yalipokolea, upande wa juu wa shamba ulimeguka asubuhi moja, ukashuka na mawe na migomba. Ulipita palepale penseli ilipovunjikia. Nyumba ya uzazi haikupata hata ufa. Siku ile walikuwamo akina mama watano na vichanga vitatu.

Sasa kituo kinasajiliwa, na fomu inataka jina moja. Watu walidhani Bi Naelijwa ataandika jina la binti yake. Alikataa. "Mwanangu nitamkumbuka mwenyewe," alisema. "Jina liwe la aliyewaokoa hawa."

Kikao kilipokaa, mmoja alisema ni Mzee Mfinanga, kwani bila jicho lake hakuna ambaye angejua kuhusu maji. Mwingine akamjibu kwamba mzee huyohuyo angeandika alichokiona, Foibe angekuwa hai. Wakamtaja Elineema, ambaye bila kumtafuta mwenzake watu wangezikwa na udongo. Mama mzazi wa Foibe aliinuka akatoka nje. Wakamtaja Mbazi, aliyekuwa na kila sababu ya kuitupa kazi na hakuitupa. Mbazi akasema alichojenga kilikuwa kwenye karatasi, na karatasi haikuwa yake.

Bi Naelijwa aliwatazama, fomu ikiwa mapajani, kalamu mkononi. Kikao kilivunjika bila neno kuandikwa, na mpaka leo juu ya mlango ule hakuna jina.

Je, wewe uliyesikiliza, ungeishika kalamu ile, ungeandika jina la nani? Na ungemtazamaje usoni mama yake Foibe ukishaliandika?